Jinsi ya kuongoza kikundi cha afya cha msikiti na mtaa: niliyojifunza Langoni

Nyumba ya kale ya Amu, yaani mji wa Lamu, ina daka, kibaraza cha mlangoni, kwa nje, kisha tekani, kijiukumbi cha kuingilia, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani. Mwanamume asiye wa nyumba huishia dakani. Maji yamo ndani, kiwandani na chooni, kwenye birika (tangi la kujengwa), mapipa, ndoo na mitungi.

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na moja, na kwa miaka tisa sasa naongoza kikundi cha afya cha mtaa wetu hapa Langoni, kikundi kilichoanzia kwenye msikiti mdogo ulio karibu na kwetu. Anayetaka kuongoza kazi kama hii ningependa aelewe kwanza hiyo ramani ya nyumba. Msikiti utakupa sauti. Mlango wa kiwandani utafunguliwa na wanawake. Kiongozi anasimama kati ya wawili hao, na akiegemea upande mmoja tu, kazi inakufa.

Nayaandika kwa kirefu kwa sababu mabinti wawili wa Malindi walikuja kuniuliza tulianzaje. Nikawajibu kwa haraka, nina sufuria jikoni, wakarudi kwao wakakosea pale pale nilipokosea mimi. Lawama hiyo ni yangu.

Chagua jambo moja linaloonekana kwa macho

Sisi tulichagua maji ya kuweka, na sababu yake ni mwaka 2004. Ulikuwa wakati wa ukame. Visima vilizidi chumvi, na kila nyumba iliweka maji katika kila chombo kilichopatikana, hata sufuria za harusi. Kisha ikaja homa ambayo hatukuijua jina. Watu walishindwa kusimama wima. Mimi mwenyewe sikuweza kukamua nguo wala kushika mwiko, vidole vilivimba kama vya mtu aliyefungwa kamba, na mama yangu tulimbeba mpaka chooni kwa wiki mbili. Ilikuwa chikungunya, jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, na ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Waliokuja kupima damu baadaye walikadiria kuwa robo tatu ya watu wa mji wa Lamu walikuwa wameambukizwa. Robo tatu! Mji mzima ulilala. Mwaka huo huo ikafika Mombasa, na mwaka uliofuata ikawa Visiwa vya Komoro.

Mbu anayeeneza ugonjwa huu, na homa ya dengi pia, ana madoa meupe miguuni na huuma mchana. Hapendi maji ya mtaroni. Anapenda maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba, yale yale unayoyahifadhi kwa ajili ya wanao. Mayai yake huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yakikauka huweza kukaa miezi yakingoja. Chombo kikijazwa tena, yanaanguliwa. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakusaidii, lazima ukuta wa chombo usuguliwe. Na kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku saba mpaka kumi, kwa hivyo ukisugua mara moja kwa wiki unamkata njiani. Wiki yetu Waislamu ina Ijumaa, siku ambayo kila nyumba tayari inaoga, inafua kanzu na kufukiza udi. Hatukuhitaji kuwafundisha watu siku mpya. Tuliongeza pipa kwenye orodha ya mambo ya Ijumaa.

Siku ya kwanza ya mkutano watu walikuja na mengi: mifereji iliyoziba, mavi ya punda vichochoroni, vijana na unga wa kulevya, watoto wanaokosa chanjo. Yote ni kweli na yote yanauma. Tuliyaandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari na kuyaacha pale mwaka mzima. Ilinigharimu lawama, wako walioniambia sijali vijana. Lakini kikundi cha watu saba kinachofanya mambo matano hakina hata moja litakaloonekana, na mtaa hauamini usichokiona. Viluwiluwi vya mbu vinaonekana. Wiki hii vipo, wiki ijayo havipo, na mtoto wa miaka sita anaweza kukuhakikishia.

Kwenda kwa imamu

Usiende Ijumaa. Siku hiyo kila mtu ana haja naye. Nenda siku ya kawaida baada ya Alasiri, na kama wewe ni mwanamke nenda na ndugu yako au mzee wa jamaa, kwa heshima yake na yako. Mimi nilikwenda na kaka yangu mkubwa. Nilibeba gilasi ya maji iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Asalaam alaykum, Maalim."

"Wa alaykum salaam, karibuni. Kuna nini, dada yangu?"

Nikaifunua gilasi na kuiweka pale dakani. Akainama, akatazama vile vidudu vikipanda na kushuka. Akauliza vimetoka nyumba gani. Nikamwambia, "Vimetoka kwenye birika la msikiti, Maalim. Mpwa wangu aliyachota leo asubuhi. Sijamwambia mtu."

Alikaa kimya muda. Kisha akasema, "Basi tuanze na nyumba ya Mwenyezi Mungu."

Nataka uyaone mambo mawili hapo. La kwanza, habari mbaya ya msikiti imfikie imamu kwa faragha kabla ya mtu yeyote. Ningelisema mbele ya watu, angelazimika kuutetea msikiti, na mimi ningekuwa adui. La pili, ukianza kwa kusafisha kwako, hakuna nyumba itakayokuuliza kwa nini unaingia kwake. Wazee wetu walikuwa wakiweka samaki wadogo kwenye mabirika, ya nyumbani na ya msikitini, wawe wakila viluwiluwi. Bomba zilipowekwa, birika letu likabaki halitumiki, samaki wakafa, maji yakatuama. Tulilisugua, tukalijaza, tukatafuta samaki wengine. Tahadhari moja: birika lenye samaki usilitie dawa ya klorini, utawaua na utabaki na mbu.

Baada ya hapo niliomba dakika tatu. Usiombe khutba. Omba dakika tatu baada ya darsa ya Alhamisi usiku, watu wakiwa bado wamekaa, kwa kuwa Ijumaa wakishatoa salamu macho yako mlangoni. Na maneno umwandikie wewe, nusu ukurasa, agizo moja. Mwanzoni nilimwandikia Maalim kurasa mbili za virusi na halijoto, akazisoma zote kwa adabu yake, na hakuna aliyekwenda nyumbani akasugua kitu. Sasa huwa tunaandika hivi: kesho kabla ya kuoga, mapipa yasuguliwe kwa kumbi la nazi, ukuta mzima mpaka juu, kisha yafunikwe. Yeye huongeza ya dini, kwamba kuondoa udhia njiani mwa watu ni sadaka, na hilo hulisema vizuri kuliko mimi.

Kuanzia siku hiyo tuna mpaka tunaouheshimu. Mtu akiniuliza swali la zaka, namwelekeza kwa Maalim. Mtu akimuuliza yeye juu ya homa, anamleta kwangu. Hajawahi kuandika dawa, nami sijawahi kutoa fatwa.

Mlangoni

Hii ndiyo kazi yenyewe.

Wanawake waende wawili wawili. Mmoja awe mtu mzima anayejulikana kichochoroni, aliyewahi kukaa kwenye msiba wa nyumba hizo. Mwingine awe msichana anayeweza kuandika. Sisi hutoka Ijumaa baina ya saa mbili na saa nne asubuhi, wanaume wakiwa kazini na vyombo vikiwa vinakaribia kuisha maji kwa ajili ya kuoga. Pipa lililojaa halisuguliki, na hakuna mwanamke wa Lamu atakayemwaga maji aliyoyanunua ili akufurahishe wewe. Wala usimwambie amwage. Maji yanachujwa kwa kitambaa, yanahamishiwa ndoo, pipa linasuguliwa, maji yanarudi. Viluwiluwi vilivyobaki kwenye kitambaa anika juani.

Beba kumbi mkononi, lionekane. Ukifika na karatasi mkononi wewe ni mkaguzi. Ukifika na kumbi la nazi wewe ni jirani aliyekuja kusaidia. Hodi inapigwa mara tatu, na isipoitikiwa unaondoka bila kuchungulia.

Kuna bibi mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa akinijibu kila wiki, "Mwanangu, mai yangu hayana kitu, hunywa tangu yana na yuzi," yaani maji yake ni safi, anayanywa tangu jana na juzi. Miezi ya mwanzo nilimpa somo. Alinisikiliza, akanipa kahawa, pipa likabaki vile vile. Siku moja nilinyamaza. Nikamwambia, "Sawa, bibi, nishikie tochi tu nikusugulie." Akashika tochi. Aliangaza mwenyewe, akaona mwenyewe, akasema "Ee Rabbi," na kuanzia hapo akawa anawaamsha majirani kwa sauti tangu alfajiri. Kwa hiyo tochi mpe mwenye nyumba aishike.

Kifuniko hakihitaji mfadhili. Kipande cha chandarua kikuukuu kilichoraruka kisichofaa tena kulalia, kikunjwe mara mbili, kivutwe vizuri juu ya pipa, kifungwe kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Kikilegea katikati kikagusa maji, mbu atatagia pale pale, kwa hivyo kivutwe kama ngozi ya ngoma. Chandarua kizima hakikatwi, hicho ni cha kulalia.

Sasa nije kwenye jambo zito. Ukishaingia kiwandani utaona mambo ambayo hukuyafuata. Utaona jiko lisilowashwa tangu jana. Utaona mgonjwa aliyefichwa, mtoto mlemavu asiyetolewa nje, mwanamke mwenye alama shingoni. Watu wetu wana neno sitara, kufunika aibu ya mwenzio, na kikundi kisicho na sitara kitafungiwa milango, kwa haki kabisa. Sisi hatuandiki jina la nyumba yenye viluwiluwi. Tunaandika kichochoro na hesabu tu: nyumba kumi na nne zimetembelewa, tatu zilikuwa navyo. Basi.

Tulijifunza kwa maumivu. Mwaka wa kwanza kijana wetu mmoja, mwenye nia njema na bidii nyingi, alisimama baada ya sala akataja nyumba tatu kwa majina akidhani anawahimiza. Mmoja wa wenye nyumba alikuwa amekaa safu ya mbele. Ile nyumba ilitufungia mlango miezi minane, na za jirani zake nne zikafuata. Nilikwenda kuomba radhi mara tatu, mara ya mwisho na mke wa Maalim, tukakaa tekani bila kukaribishwa ndani. Nilisema kosa ni langu kwa sababu sikumfundisha kijana kabla ya kumpa daftari, na ndivyo ilivyokuwa. Mlango ulifunguliwa mwanamke wa nyumba ile alipojifungua, nami nikaitwa kumtazama mtoto.

Sitara ina mwisho wake. Mtoto au mtu mwingine akiwa anadhuriwa, kumfichia anayemdhuru si sitara. Kabla hamjaanza kutembelea nyumba, chagueni watu wawili wa kikundi ambao habari kama hiyo itafika kwao peke yao, na wajue mapema watakwenda wapi: afisa wa watoto, chifu, hospitali. Jambo hilo lisijadiliwe mkutanoni, wala lisiandikwe kwenye daftari la mapipa.

Nani awe ndani ya kikundi

Tulianza watu saba, wote wa msikiti mmoja, wanne wao wa ukoo mmoja. Tulipokwenda kujisajili upya ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, tuliambiwa kikundi hakipungui watu kumi, tena kiwe na katiba na viongozi waliochaguliwa. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona ni heri. Mbu huyu haruki mbali, mara nyingi haendi zaidi ya mita mia chache kutoka alipozaliwa, lakini ndani ya mita hizo haulizi dini ya mtu. Nyuma ya msikiti wetu pana nyumba za kupanga zenye watu wa bara, wengi Wakristo, na pana nyumba ya wageni yenye matangi juu ya paa. Tungesugua mpaka kiama huku mbu wakizaliwa ng'ambo ya ukuta.

Basi nafasi tatu zilizobaki tulizijaza kwa makusudi: mwalimu wa shule ya msingi ambaye ni mzee wa kanisa, msimamizi wa ile nyumba ya wageni, na kijana mwenye punda anayebeba maji. Huyu wa tatu ndiye aliyenifundisha mengi. Anajua nyumba ipi hununua maji siku gani, ipi imekopa, ipi imeongeza mapipa kwa sababu ya harusi. Mwalimu naye aliniambia kwa upole, "Mama, mkikutana msikitini mimi nitakuja mara ngapi?" Tukahamishia mikutano darasani kwake. Dua tunaomba kama kawaida, naye huinamisha kichwa na kuomba yake.

Hapa Langoni ndipo ulipo msikiti wa Riyadha, alioujenga Habib Swaleh, mtu aliyekuja kutoka Ngazija huko Komoro, akakaa na kuwafundisha watu ambao wakubwa wa mji wa wakati ule hawakuwataka kwenye darsa zao. Huwa nawakumbusha wenzangu hilo mtu akisema wapangaji si watu wa mtaa.

Usishindane na serikali. Tangu mwaka 2023 kila mhamasishaji wa afya ya jamii amepewa mkoba wa vifaa na nyumba kama mia moja za kutembelea. Mtafute wa kwenu, aingie kikundini, umpe hesabu zako, na yeye ndiye aandike mambo ya ujauzito, presha na chanjo, maana ana fomu na amefundishwa siri. Bwana afya, afisa wa afya ya umma, vilevile: mwalike kabla hujamhitaji. Siku homa ikizidi mtaani, utakuwa na mtu wa kumpigia simu anayekujua kwa sauti.

Pesa

Pesa zetu si nyingi, ni brashi, tochi, betri, chai ya watu wanaofanya kazi. Lakini nimeona vikundi vikubwa kuliko chetu vikivunjika kwa pesa ndogo kuliko zetu, na chetu kilikaribia.

Mwaka wa pili, michango ilikuwa ikitumwa kwenye simu yangu, kwa kuwa kila mtu alikuwa na namba yangu. Wakati huo nilikuwa nimechukua mkopo wa simu wa kumlipia mwanangu karo. Michango ya wiki ile, shilingi 3,400, iliingia, na deni likaimeza papo hapo kabla sijaishika. Nilinyamaza. Nilijiambia pensheni ikiingia nitairudisha, na kweli niliirudisha baada ya siku kumi na mbili. Lakini ndani ya siku hizo kuna mtu alijua. Mweka hazina wetu alinijia nyumbani, akafunga mlango, akasema, "Dada, si pesa. Ni kwamba tumesikia kwa watu kabla ya kusikia kwako." Sijawahi kuona aibu kama ile, na nilistahili. Alhamisi ile nilisema yote mbele ya kikundi, nikaomba nitolewe. Hawakunitoa, ila walitunga kanuni ambazo mpaka leo hazijabadilika.

Pesa za kikundi haziingii kwenye simu ya mtu, hata ya kiongozi, hata kwa usiku mmoja. Kuna laini ya kikundi na akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, wawili wakitakiwa kila mara, na wasiwe ndugu. Sanduku la sadaka lina kufuli mbili na funguo zake ziko nyumba mbili tofauti, linafunguliwa mbele ya watu watatu, na kiasi kinaandikwa kabla ya yeyote kuinuka. Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi baada ya Isha hesabu inasomwa kwa sauti msikitini, na karatasi ile ile inapelekwa kusomwa madrasa ya wanawake na darasani kwa mwalimu. Yasomwe yote, mpaka sukari ya shilingi mia mbili. Ukiruka madogo watu watajiuliza umeruka nini kingine.

Zaka iwe na daftari lake. Zaka ina watu wake, mafungu manane yaliyotajwa, na brashi itakayotumiwa na mtaa mzima, tajiri na maskini, si mahali pake kwa kauli ya Maalim wetu. Pipa jipya lenye kifuniko kwa mjane asiyejiweza, hilo alituruhusu. Kwa hivyo uliza imamu wako kabla ya kutumia, na andika jibu lake na tarehe. Sadaka ina wasaa zaidi. Wakfu ni jambo jingine kabisa. Mzee mmoja alitupa chumba cha chini cha nyumba yake kiwe cha kikundi. Tulimshukuru, lakini hatukuingia mpaka alipoandika mbele ya mashahidi na wanawe wote watano wakiwapo, kwa sababu wakfu hauuzwi wala haurithiwi, na anayestahili kuusikia ni mrithi, mtoaji akiwa bado hai. Mambo ya wakfu yana tume yake Mombasa, tukafuata huko pia.

Wafadhili na wanasiasa nitawapitia haraka. Walikuja wageni na ahadi ya matangi manne, wakataka kupiga picha ndani ya nyumba, wanawake wakiwa kwenye mapipa yao. Tukasema picha zipigwe nje, za vifaa tu. Wakakataa, wakaondoka na matangi yao. Iliniuma sana, maana nilijua nyumba nne ambazo zingeyapata. Lakini ningekubali, Ijumaa iliyofuata nisingefunguliwa mlango hata mmoja. Na uchaguzi wa 2027 ukikaribia, katiba yenu iseme wazi: fulana ya chama haivaliwi kwenye zamu, na kiongozi anayegombea kiti anajiuzulu kwanza.

Homa ikiingia nyumbani

Kila anayekwenda mlangoni lazima ajue haya kwa moyo. Mwenye homa apimwe malaria kwanza, asinunuliwe dawa dukani kwa kukisia. Wakati hajajulikana ana nini, apewe parasetamoli kwa kipimo na maji mengi, na asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwani ikiwa ni dengi zinaweza kuzidisha kutoka damu. Tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, kulegea au kuchanganyikiwa: hospitali sasa hivi, hata kama homa imeshuka. Dengi hubadilika vibaya mara nyingi pale pale homa inaposhuka na jamaa wakidhani amepona. Mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, maana mbu akimuuma yeye atakwenda kwa ndugu yake.

Mtoto anayeharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe, anyweshwe kidogo kidogo njiani akipelekwa zahanati apate dawa ya zinki.

Utakuta wengine wamekwenda kwa mwalimu wa dini kuandikiwa kombe, aya zinazoandikwa sahanini kisha zikaoshwa na maji yake yakanywewa. Nilipokuwa kijana hospitalini niliwagombeza akina mama kwa ajili ya kombe, na nilichovuna ni kwamba walianza kunificha na kuchelewa kuja. Sasa nasema, "Kombe anywe, na boda tumwite sasa hivi tuende." Maalim naye ameahidi kuwa anayekwenda kwake na mtoto mwenye homa atamwandikia akiwa tayari ameshikwa mkono kuelekezwa hospitali. Na bima: jamii ijiandikishe kwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, kabla ya mtu kuugua. Tulikaa Jumamosi mbili kwenye madrasa na vijana wenye simu nzuri, tukawaandikisha wazee.

Miezi ya hatari na kuachia ngazi

Kuna nyakati mbili za mwaka nazipangia mapema. Mwezi wa Mfungo Sita (Rabiul Awwal) wageni wa Maulidi huja kutoka pwani nzima, nyumba ya watu sita inalaza ishirini, na kila chombo kinajazwa. Tunaanza kusugua wiki mbili kabla. Ramadhani kazi ihamishwe asubuhi mapema, usimtake mwanamke aliyefunga ainamie pipa saa kumi jioni huku ana futari ya kupika. Kwa hesabu zetu, ukame hutupa viluwiluwi vingi kuliko mvua, na wapya hawaamini mpaka waone. Chumvi ikizidi visimani, mapipa yanaongezeka.

Nimeongoza miaka tisa. Ni mingi kuliko inavyofaa, na ilikuwa hivyo kwa sababu nilipokuwa naulizwa nani achukue, nilikuwa naona kasoro za kila mtu. Katiba yetu mpya inasema miaka miwili, mara mbili, basi. Mwezi wa Shaabani ninaachia. Anayenirithi ana miaka ishirini na tisa, ana watoto wawili, na hesabu anazijua kuliko mimi. Miezi sita hii tunatembea pamoja: barua anaandika yeye mimi nasoma, benki anakwenda yeye, kwa Maalim anakwenda na mumewe, mimi simo. Nimemkabidhi daftari lenye ule ukurasa wa nyuma. Mifereji tumeanza, chanjo mhamasishaji anaishughulikia, vijana na unga bado hatujawagusa, na yeye anasema ataanza na mama zao.

Ijumaa hii zamu ni kichochoro cha nyuma ya shule, nyumba kumi na moja. Yeye atapiga hodi, mimi nitabeba makumbi.